Kipande cha Mbao Kisiishie Mbabulani

Fundi mbao wa Lubumbashi akimaliza kitanda au fremu ya mlango, hubakiwa na vipande vya urefu wa kiganja ambavyo havifai kuungwa na kitu kingine. Jioni vinatiwa mbabulani vikaivishe bukari. Ndani ya rundo hilo huweza kuwamo mulombwa, mupapa, pengine hata mukula: mbao ngumu za pori la miombo ambazo miti yake huchukua miongo kadhaa kukomaa.

Mukula una kisa chake. Wataalamu wanauita Pterocarpus tinctorius, Watanzania wanaujua kwa jina la mkurungu, na unga wake mwekundu ulitumika tangu zamani kama rangi. Katika miaka ya 2010 magogo yake yalipakiwa kwenye malori, yakapita mpaka wa Kasumbalesa na Zambia kuelekea China, huko yakawa samani za kifahari. Mwaka 2017 Zambia ilizuia mamia ya malori hayo. Tangu tarehe 26 Novemba 2019 mti huo umo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo gogo lake halivuki mpaka kihalali bila kibali. Ila kilichokwisha kuondoka kiliondoka kikiwa gogo, na mkoa wetu wa Haut-Katanga ukapata bei ya gogo tu.

Kipande kinachotosha kupikia sufuria moja kinatosha pia kutoa magari mawili ya kuchezea. Kazi ni kukigeuza bila kumdhuru mtoto wala fundi, na bila kufanya kazi ya hasara. Mambo hayo matatu yamefungamana kuliko inavyodhaniwa, na yanaanzia kwenye maji yaliyomo ndani ya mbao.

Mbao hunyonya na kutoa unyevu kila siku kulingana na hewa. Kwa joto la nyuzi 20, hewa yenye unyevu wa asilimia 80 huiacha mbao na maji yapatayo asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Unyevu wa hewa ukishuka hadi asilimia 40, mbao hushuka hadi karibu asilimia 8. Lubumbashi, yenye mvua kuanzia Novemba hadi Machi au Aprili na kiangazi kikali kinachofuata, huzipitisha mbao kwenye pande zote mbili kila mwaka. Gari lililotengenezwa Januari kwa mbao mbichi litakuwa limelegea magurudumu ifikapo Agosti. Mteja hataulaumu msimu, atamlaumu fundi.

Magurudumu yenyewe yanahitaji maelezo, kwa kuwa ndiyo yanayowashinda wengi. Njia ya mkato ni kukata tawi la mviringo vipande vipande kama nyanya, na gurudumu likapatikana bila jasho. Tatizo ni kwamba mbao hainywei sawa pande zote: kufuata mzingo wa duara za ukuaji hunywea takriban mara mbili ya inavyonywea kutoka kwenye kiini kwenda kwenye gome. Kipande cha tawi hakina pa kuipeleka tofauti hiyo, kwa hiyo hupasuka mpasuko wenye umbo la kabari, na ukingo wake humeguka. Gurudumu linapaswa kuchongwa kutoka ubao uliokauka. Mhimili ugundishwe kwenye magurudumu mawili, nao uzunguke ndani ya tundu pana kidogo lililotobolewa kwenye mwili wa gari. Msumari hauna kazi hapo.

Kujua kama mbao imekauka hakuhitaji kifaa cha bei. Mizani ya dukani inatosha. Vipande vipangwe kivulini, vikitenganishwa na vijiti ili hewa ipite, vichwa vyake vipakwe nta visipasuke, kisha kimoja kipimwe kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, mbao imelingana na hewa ya mahali hapo.

Hatari inayofuata inamhusu fundi mwenyewe. Katika miaka ya 1960, daktari wa masikio, pua na koo Esmé Hadfield aliona wagonjwa wengi mno wa saratani ya pua karibu na High Wycombe, mji wa Uingereza uliosifika kwa viti. Yeye na watafiti wenzake, akiwemo Donald Acheson, walichapisha matokeo mwaka 1968: waliougua walikuwa hasa mafundi wa samani waliovuta vumbi la mbao. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu ambavyo bila shaka husababisha saratani kwa binadamu. Karibu na kwetu, watafiti walipima hewa ya karakana ndogo za mbao nchini Tanzania na kuchapisha mwaka 2004 wastani uliozidi miligramu 3 za vumbi kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Leo kikomo cha Umoja wa Ulaya kwa vumbi la mbao ngumu ni miligramu 2.

Anayechonga vichezeo yumo hatarini kuliko anayejenga paa, kwa sababu kichezeo kinataka msasa mwingi, nao msasa ndio unaotoa vumbi laini linalofika mbali ndani ya pua na mapafu. Vumbi la mulombwa linajulikana pia kwa kuwasha pua na kuamsha pumu. Kitambaa kilichofungwa usoni hakizuii vumbi hilo laini vya kutosha. Kinachosaidia ni barakoa ya kuchuja vumbi, kupigia msasa nje, upepo ukipita ubavuni, na kunyunyiza maji sakafuni kabla ya kufagia. Mtoto mdogo asilazwe karakanani, hata kama mama au baba ndiye fundi na hakuna mwingine wa kumwangalia.

Sasa rangi. Hapa mwandishi ana msimamo: karakana ndogo isipake rangi ya mafuta kwenye kichezeo. Rangi za njano, chungwa na nyekundu zimewahi, na pengine bado, kutiwa madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kikomo kinachopendekezwa kimataifa kwa rangi ni sehemu 90 kwa milioni, na jicho haliwezi kukipima. Lubumbashi ina sababu ya ziada. Utafiti wa Célestin Banza wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Leuven nchini Ubelgiji, uliochapishwa mwaka 2009, ulikuta kobalti nyingi kwenye mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia madini Katanga, na watoto walikuwa nayo kuliko watu wazima. Mtoto ambaye tayari analamba vumbi la mgodi hahitaji gari la kumwongezea.

Kobalti hiyo hiyo inarudi kwa mlango wa nyuma. Mafuta ya kitani yanayouzwa kama “yaliyochemshwa” mara nyingi hutiwa chumvi za kobalti ili yakauke upesi. Tena kitambaa kilicholoa mafuta hayo hujipasha joto kinapokauka, na kikikunjwa kwenye kona kinaweza kuwaka chenyewe. Anayekimbilia mawese atakuta kichezeo kinanata mwezi mzima, kwa kuwa mawese hayana asidi za kutosha za mafuta zinazokauka na kushikana. Jibu la karibu ni nta ya nyuki, zao la miombo lenyewe. Huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Iyeyushwe kwenye kopo lililowekwa ndani ya maji ya moto, isikae juu ya makala moja kwa moja.

Ukubwa nao hupimwa. Viwanda vya vichezeo hutumia silinda yenye kipenyo cha milimita 31.7, inayoiga koo la mtoto wa chini ya miaka 3. Fundi anaweza kutoboa tundu la milimita 32 kwenye gogo la kina cha sentimita 6: chochote kinachozama humo chote, iwe gurudumu au kichwa cha mdoli, hakimfai mtoto huyo.

Kuhusu moto, historia ya kampuni ya vichezeo ya LEGO inatosha. Mwanzilishi wake Ole Kirk Christiansen, seremala wa Billund nchini Denmark, aliunguliwa na karakana na nyumba mwaka 1924 baada ya wanawe kuwasha maranda kwa bahati mbaya. Mwaka 1932, oda za ujenzi zilipokauka, alianza kuchonga vichezeo vya mbao. Karakana ikaungua tena mwaka 1942. Mwaka 1960 ghala la vichezeo vya mbao likateketea, na kampuni ikaachana na mbao. Maranda yatolewe nje kila jioni.

Na faida? Kipande kikiwa cha bure, gharama kubwa inayobaki ni muda, na wengi hawauhesabu. Tuchukulie gari moja linamchukua fundi dakika 50, na kwa kibao cha mfano na kukata kumi kumi linashuka hadi dakika 20. Bei ikiwa ile ile, pato la siku linazidi maradufu. Kwa hesabu hiyo matofali ya kujengea na herufi za mbao hulipa kuliko lori lenye magurudumu sita, japo lori ndilo linalompa fundi sifa. Matofali hayana mhimili wala gundi, hukatwa na kupigwa msasa kwa mkono hata umeme ukikatika, na shule ya chekechea hununua kwa seti badala ya moja moja.

Kalenda ya Lubumbashi imekwisha kupanga kazi: vipande vikusanywe kuanzia Mei, vikauke kiangazi chote, vikatwe Septemba na Oktoba kabla mvua haijaanza, vipakwe nta Novemba na viwe sokoni kabla ya Noeli na Bonane. Atakayeanza kukusanya Novemba auze mwaka unaofuata.