Barafu yachelewa, wavuvi wa Minnesota wahesabu hasara

KWA mvuvi wa jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, mwaka hauanzi Januari. Huanza siku ile ziwa linapoganda kiasi cha kubeba uzito wa mtu, naye akatia keekee kubwa begani, akatembea juu ya maji, akatoboa tundu na kushusha mshipi wenye chambo.

Zamani siku hiyo ilikadiriwa bila shida. Maziwa madogo ya kaskazini yaliganda mwishoni mwa Novemba, ya kusini yakafuata Desemba, na wenye vibanda vya kukodisha walipokea malipo ya wageni mapema. Sasa uhakika huo umepungua. Kwa mujibu wa Idara ya Maliasili ya jimbo hilo, katika miaka 50 maziwa ya Minnesota yamepoteza wastani wa siku 10 hadi 14 za barafu.

Wiki mbili si kitu kwa anayevua kujifurahisha. Kwa mfanyabiashara ni jambo jingine, maana msimu wenyewe ni mfupi. Samaki anayesakwa kuliko wote, walleye, hairuhusiwi kuvuliwa katika maziwa mengi ya jimbo hilo kuanzia mwishoni mwa Februari hadi Mei. Barafu ikichelewa mpaka Januari, aliyetegemea miezi mitatu ya mapato hubaki na chini ya miwili. Mkulima wa Dodoma anayetazama mawingu ya Novemba yakipita bila kudondosha tone hahitaji kufafanuliwa hali hiyo.

Na fedha iliyomo si ndogo. Minnesota ina maziwa 11,842 yenye ukubwa wa ekari 10 au zaidi. Katika Lake of the Woods, mpakani mwa Kanada, wenye hoteli hulima theluji juu ya ziwa na kutengeneza barabara, kisha huvuta hadi katikati ya maji vibanda vyenye jiko, vitanda na matundu sakafuni. Mgeni hulala humo akivua. Nyuma yake wapo wauza chambo, wauza mafuta, mafundi wa mitambo na wapishi wa vijiji ambavyo bila barafu vingelala usingizi kutwa nzima.

Mapema mwaka 2021, mpaka wa Kanada ulipokuwa umefungwa kwa sababu ya Covid-19, wakazi wa Northwest Angle, kipande cha Minnesota kisichofikika kwa nchi kavu ila kwa kupitia Kanada, walitengeneza barabara ndefu juu ya barafu ya ziwa hilo ili wageni wawafikie. Kwao barafu ndiyo iliyokuwa daraja.

Uvuvi huu unawezekana kwa sababu ya tabia ya pekee ya maji. Maji huwa mazito zaidi yakifika nyuzijoto 4. Yakipoa kupita hapo huwa mepesi na kupanda juu, ndiyo maana ziwa huganda kuanzia juu na samaki huendelea kuishi chini. Hata hivyo, theluji nyingi ikifunika barafu ya ziwa lenye kina kifupi, mwanga haupenyi, mimea ya majini huacha kutoa oksijeni, na samaki wanaweza kufa kwa wingi kabla ya machipuko.

Theluji hiyo hiyo humdanganya mvuvi. Hulifunika ziwa kama blanketi na kuzuia baridi isizidi kuligandisha. Kwa mtazamo wa mgeni, weupe ni dalili ya ugumu, kumbe barafu nyeupe iliyochanganyika na theluji ina karibu nusu tu ya nguvu ya ile mpya inayong'aa. Idara ya Maliasili inashauri unene wa sentimita 10 za barafu safi kwa mtembea kwa miguu, na si chini ya sentimita 23 kwa gari dogo. Wazoefu hutangulia na mtaimbo, wakigonga kila hatua chache, maana ziwa moja huwa na unene tofauti kwa umbali wa mita kumi.

Upepo nao una hesabu zake. Desemba 29, mwaka 2023, kipande kikubwa cha barafu kilimeguka katika ziwa la Upper Red Lake na kuelea na watu 122 juu yake. Wote waliokolewa. Tukio kama hilo lilikuwa limetokea hapo hapo mwaka mmoja kabla, lakini tamaa ya kuwahi samaki wa barafu ya kwanza, wanaokula chambo kwa pupa, haisikii maonyo kirahisi.

Majira hayo ya baridi ya 2023 na 2024 yalikuwa ya joto kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa Minnesota. Shindano maarufu la mjini Brainerd, ambalo hukusanya maelfu ya wavuvi kwenye ziwa la Gull na kutoa zawadi za dola 150,000, halikufanyika mwaka 2024 kwa kuwa barafu haikuaminika. Mapato yake huenda kwa mashirika ya hisani, kwa hiyo waliokosa si wavuvi peke yao. Serikali ya Marekani ilifungua mikopo nafuu kwa biashara ndogo zilizokosa wateja, ingawa mkopo ni deni, na deni hulipwa na msimu ujao ambao nao hauna uhakika.

Wapo waliogeukia vibanda vyepesi vya turubai, vinavyovutwa kwa mkono au kwa pikipiki ya theluji, visivyohitaji barafu nene. Wenye vibanda vizito hawana hiari hiyo. Sheria ya jimbo inawataka waviondoe ziwani ifikapo Machi, lakini miaka ya joto huwalazimu kuviburuta ufukweni Februari, wengine kabla hawajamaliza kurudisha gharama za kuvipeleka.