Ukweli katika Maandiko ya Elimu

Pengine tunafikiri kama kila neno lililopigwa chapa katika gazeti la wenye elimu ni kweli. Tuangalie jambo moja.

Mwaka 1998 mganga Andrew Wakefield wa Uingereza, pamoja na wenzake, aliandika katika gazeti The Lancet habari za watoto 12. Akatia watu mashaka kama chanjo ya surua pengine inaleta otizimu. Wazazi wengi wakaogopa, wakakataa chanjo, surua ikarudi.

Mwaka 2004 ikajulikana kama Wakefield alipokea feza kwa mawakili waliotaka kuwashitaki watengenezaji wa chanjo. Jambo hilo alilificha. Tena watoto wale walichaguliwa. Hawakufika kwa zamu kama alivyoandika. Mwaka 2010 gazeti likafuta maandiko yale, naye akaondolewa katika orodha ya waganga. Miaka 12 ilikuwa imepita!

Sababu gani kukawia hivi? Wakaguzi wa gazeti wanasoma karatasi tu; hawaoni wagonjwa wala mfuko wa mwandishi. Wanamwamini.

Basi sisi tunaoandika, tutaje tulikopata maneno, aliyetulipa, na hata yale yanayopinga fikira zetu. Anayetusoma hana njia nyingine ya kutujua.