Kuwahimiza Wauza Programu Waunge Mkono Mfumo Endeshi Huria: Wajibu wa Mwalimu

Utangulizi

Mwalimu anayepangiwa kazi katika shule ya msingi ya kijijini, iwe Nemba au kwingineko katika wilaya za Biharamulo na Ngara, huenda akakuta ofisini kompyuta chache zilizotolewa msaada baada ya kutumika mahali pengine. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa matengenezo ya kawaida ya bure kwa Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Je, mashine hizo zitupwe? Hapana. Mfumo endeshi huria waweza kuzifanya zitumike kwa miaka mingine kadhaa. Lakini mara nyingi programu ambayo shule imeinunua, au ingependa kuinunua, haikutengenezwa kwa mfumo huo. Makala haya yanakusudia kueleza sababu za hali hiyo, na namna mwalimu pamoja na wanafunzi wake wanavyoweza kuwahimiza wauzaji waibadilishe.

Maana ya Maneno

Mfumo endeshi ni programu kuu inayoiongoza kompyuta na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi. Waweza kufananishwa na udongo wa shamba: programu nyingine ni mazao, na si kila zao hustawi katika kila udongo. Mfumo endeshi huria ni ule ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuutumia, kuuchunguza, kuurekebisha na kuugawa. Linux, ambao kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds nchini Finland mwaka 1991, ndio mfano mashuhuri.

Hapana budi wanachuo watofautishe neno "huria" na neno "bure". Bure huhusu bei. Huria huhusu ruhusa. Kiswahili kina bahati ya kuwa na maneno mawili hapa, na mwalimu aitumie bahati hiyo darasani.

Mfano wa Nyumbani

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na kampuni ya Uswidi iitwayo IT+46, kiliendesha mradi wa Kilinux uliokusudia kuzileta programu huria katika Kiswahili. Mwishoni mwa mwaka huo ilitolewa Jambo OpenOffice, yaani programu ya kuandikia barua, kupiga mahesabu na kuandaa maonyesho, yenye maelekezo ya Kiswahili. Mwaka huohuo Microsoft nayo ilitangaza nia ya kutoa programu zake kwa Kiswahili. Hatusemi kwamba tangazo moja lilizaa jingine. Tunachojifunza ni kwamba wasemaji wa lugha wanapoonekana kuwa watumiaji halisi, wenye kuuza na wenye kugawa huria huwaendea.

Kwa Nini Wauzaji Husita

Kabla ya kumwomba mtu jambo, yafaa kujua linalomzuia. Sababu kubwa ni tatu.

Kwanza, wauzaji huona wateja wa mfumo huria kuwa wachache. Nao wateja huuacha mfumo huo kwa sababu programu ni chache. Hapo kila upande humngoja mwenzake.

Pili, Linux hugawiwa kwa namna nyingi, na muuzaji huogopa gharama ya kuijaribu programu yake katika kila namna. Hofu hii ina ukweli, lakini ina dawa. Muuzaji aweza kuchagua namna moja tu, mathalani Ubuntu ya muda mrefu, ambayo hutolewa kila baada ya miaka miwili na kupata matengenezo kwa miaka mitano. Aidha, aweza kuitengeneza programu yake ifunguke katika kivinjari, nayo itatumika katika mfumo wowote.

Tatu, wapo wanaodhani kwamba anayeuza programu kwa ajili ya Linux hulazimika kuitoa bure au kufichua msimbo wake. Sivyo. Kampuni ya Oracle ilitoa programu yake ya hifadhidata kwa Linux mwaka 1998 huku ikiendelea kuiuza, na kwa mwaka 2001 IBM iliahidi kutumia dola bilioni 1 katika kazi za Linux.

Namna ya Kuhimiza

1. Shule ichunguze kwanza mahitaji yake. Kazi ya kuandika na kupiga mahesabu yaweza kufanywa na LibreOffice, ambayo ni huria; hapo hapana haja ya kumwomba muuzaji. Maombi yahusu programu isiyo na badala.

2. Shule iulize kabla ya kununua. Mathalani, kampuni ya HP hutoa programu huria za kuwezesha mashine zake nyingi za kuchapa kufanya kazi na Linux. Swali "Je, itafanya kazi na Linux?" likiulizwa dukani kila mara, hatimaye humfikia mtengenezaji.

3. Shule ziungane. Tuseme shule tano za kata moja zina kompyuta 8 kila moja. Shule moja ni mteja wa mashine 8. Zote pamoja ni mteja wa mashine 40.

4. Anayeitikia apewe shukrani na apewe biashara. Muuzaji aliyeombwa, akatengeneza, kisha asinunuliwe, hatasikiliza tena.

Kulifundisha Darasani

Somo hili lafaa kwa uandishi wa barua rasmi katika madarasa ya juu. Mwalimu aandike ubaoni sentensi hizi mbili:

"Tunaomba mtusaidie kwa kuwa shule yetu ni maskini."

"Tunazo kompyuta 40 zinazotumia Linux, na tungependa kujua kama mtatoa programu yenu kwa mfumo huo, na kwa bei gani."

Wanafunzi waeleze ni sentensi ipi itakayomfanya muuzaji akae na kupiga hesabu. Watatambua kwamba ya kwanza ni ya mwombaji, na ya pili ni ya mteja. Kisha vikundi vihesabu kompyuta za shule, viorodheshe programu zinazohitajika, na viandike barua. Mwalimu ahakikishe kwamba kila idadi ni ya kweli na hakuna ahadi ya kununua isiyoweza kutimizwa. Barua itakayochaguliwa ipitie kwa mwalimu mkuu kabla ya kutumwa.

Hitimisho

Barua moja haiwezi kubadili soko. Hata hivyo, haba na haba hujaza kibaba, na mtoto aliyejifunza kudai huduma kwa hoja na takwimu amepata elimu itakayomfaa hata kama muuzaji hatajibu.

Maswali ya Kujadili

1. Eleza tofauti kati ya programu ya bure na programu huria.
2. Kwa nini muuzaji na mteja wa Linux hungojeana? Nani aanze?
3. Tayarisha andalio la somo la dakika 40 juu ya barua kwa muuza programu.