Kuingia Udaktari Ukiwa na Kazi Nyingine: Upite Njia Ipi?

Kerege ipo kati ya Mapinga na Zinga, kando ya barabara ya Bagamoyo, na wengi waliojenga huku miaka ya karibuni wanafanya kazi Dar es Salaam: walimu, wahasibu, maofisa wa benki. Kwa watu wa aina hii swali moja huja mara nyingi: "Nina digrii ya biashara, nina miaka 31, nataka kuwa daktari. Nianzie wapi?" Ni swali la haki, na jibu lipo. Tatizo ni kwamba ushauri mwingi unaosomwa mtandaoni umeandikwa kwa ajili ya nchi nyingine.

Nchini Marekani, udaktari husomwa baada ya digrii ya kwanza. Mwenye digrii ya historia husoma mwaka mmoja au miwili ya baiolojia, kemia na fizikia, akafanya mtihani uitwao MCAT, kisha akaomba chuo cha tiba. Kuna vyuo vyenye programu maalumu za watu wanaobadili kazi. Kwetu udaktari wenyewe ndio digrii ya kwanza: miaka 5 ya masomo na mwaka 1 wa mafunzo tarajali hospitalini. Chuo hakitaanza kwa kuuliza una digrii gani. Kitauliza ulifaulu vipi Fizikia, Kemia na Baiolojia.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada popote, toa cheti chako cha kidato cha nne ukisome upya. Wengi waliofuata masomo ya sanaa au biashara waliacha Fizikia na Kemia walipoingia kidato cha tatu. Kama ndivyo ilivyokuwa kwako, safari inaanzia hapo: kujisajili Baraza la Mitihani kama mtahiniwa wa kujitegemea na kufanya mtihani wa masomo hayo mwezi Novemba. Hakuna programu itakayoliziba pengo hilo kwa niaba yako.

Baada ya hapo njia ni mbili.

Ya kwanza ni kidato cha sita kwa tahasusi ya PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia. Mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, unataka ufaulu wa prinsipo katika masomo yote matatu, jumla pointi zisizopungua 6. Hicho ni kiwango cha kuruhusiwa kuomba tu. Vyuo vyenye ushindani mkubwa kama Muhimbili huchukua wenye alama za juu zaidi. Faida ya njia hii ni kwamba unaweza kusoma jioni huku ukiendelea na kazi. Hatari yake ipo maabara. Kila moja ya masomo haya lina mtihani wa vitendo, na mtu hajifunzi kwenye daftari kupima asidi kwa bureti au kupasua panya na kutambua viungo vyake. Ukitembelea kituo cha masomo ya jioni, omba uone maabara na uulize wanafunzi huingia humo mara ngapi kwa mwezi. Wakikwepa swali, tafuta kituo kingine.

Ya pili ni stashahada ya utabibu, inayosimamiwa na baraza la elimu ya ufundi, NACTVET. Ni miaka 3, na sharti la kuingia ni ufaulu wa masomo manne kidato cha nne, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Kibaha, humu humu mkoani Pwani, kuna chuo cha afya kilicho chini ya Shirika la Elimu Kibaha. Ukimaliza na wastani wa B, yaani GPA ya 3.0, unaweza kuomba digrii ya udaktari, mradi kidato cha nne uwe na angalau D katika Hisabati, Kiingereza na sayansi zote tatu. Kupanda ngazi kwa namna hii kuna historia nchini: tangu miaka ya 1960 matabibu waliendelezwa kuwa madaktari wasaidizi, na hao ndio waliofanya sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi katika hospitali za wilaya.

Piga hesabu. PCB ni miaka 2, udaktari 5, mafunzo tarajali 1: jumla 8. Utabibu ni 3, kisha 5, kisha 1: jumla 9. Tofauti ni mwaka mmoja, lakini uzito wake ni mkubwa. Aliyefeli PCB, au aliyekosa nafasi chuoni, amebaki na cheti cha kidato cha sita. Aliyeishia kwenye stashahada ni tabibu: ana taaluma, anatibu watu, analipwa. Gharama yake ni kwamba utabibu husomwa mchana, darasani na wodini. Mshahara wa sasa lazima uusimamishe.

Fedha nazo zina saa yake. Miongozo ya Bodi ya Mikopo ya miaka ya karibuni imeweka ukomo wa umri wa miaka 35, na imetaka mwombaji awe amemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano. Mwenye miaka 33 akianza utabibu leo, atafika chuo kikuu akiwa na 36, nje ya mkopo. Akipita PCB atafika na 35. Huyu ana sababu nzuri ya kuchagua PCB. Kwa aliyevuka umri huo, mpango wa ada ya miaka mitano unapaswa kuandikwa kabla ya barua ya kuacha kazi.

Jihadhari pia na mawakala wanaouza "pre-medical" ya nje ya nchi kwa mtu asiye na sifa za hapa. Ukirudi, TCU itakagua sifa ulizoondoka nazo, na Baraza la Madaktari Tanganyika litakupa mtihani kabla ya mafunzo tarajali. Uliza TCU kabla ya kununua tiketi.

Mwisho, hakikisha ni udaktari unaoutaka. Mjini Bagamoyo, Taasisi ya Afya Ifakara imeshiriki majaribio ya chanjo zote mbili za malaria zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, RTS,S mwaka 2021 na R21 mwaka 2023. Kazi hiyo ilihitaji madaktari, na pia wataalamu wa maabara, takwimu na fedha. Mtakwimu anayetaka kuokoa watoto na malaria anaweza kufika huko kwa shahada ya uzamili, bila kurudi kidato cha nne.

Lakini kama unachotaka ni kumpima mgonjwa kwa mikono yako na kubeba dhamana ya uamuzi wa tiba, ushauri wangu kwa wengi wenye familia ya kulea ni utabibu. Kila mwaka utakaosoma utakuwa umeshakuweka karibu na mgonjwa.