Somo la Redio: Kadi ya Mgeni Katika Nchi ya Uingereza

Kaeni karibu na redio, mfungue madaftari. Wako wazee ambao watoto wao wamekwenda Uingereza kusoma au kufanya kazi. Yafaa tujue wanayotakiwa huko.

Kwanza, andikeni neno hili: a-la-ma. Haya, kila mmoja na atazame ncha ya kidole chake. Ataona mistari midogo iliyozunguka. Mistari hiyo haifanani na ya mtu mwingine, hata pacha wake. Ndiyo sababu serikali nyingi huitumia kumtambua mtu. Jambo hili si geni kwetu. Katika miaka ya 1920, wakati wa ukoloni, wanaume Waafrika wa Kenya walilazimishwa kuchukua kipande chenye alama za vidole.

Serikali ya Uingereza ilianza kuwapa wageni kadi ya namna hii mwezi wa Novemba, 2008. Mgeni alipigwa picha ya uso na kuchukuliwa alama za vidole vyote kumi. Mtoto wa chini ya miaka 5 alipigwa picha tu. Habari hizo ziliwekwa katika chipu, yaani kidude kidogo ndani ya kadi kinachosomwa kwa mashine.

Sasa sikilizeni vizuri. Kadi hizo zimekoma kutolewa tangu mwisho wa Oktoba, 2024, na nyingi zilikwisha tarehe 31 Desemba mwaka huo. Je, wenye kadi walipoteza ruhusa ya kukaa? La. Kadi ni kitu kimoja, ruhusa ni kitu kingine. Kadi yaweza kwisha, na ruhusa ikawa bado ipo.

Siku hizi picha na alama bado hutakiwa, lakini ruhusa huandikwa katika daftari la serikali kwenye intaneti. Mgeni hufungua akaunti yake bila malipo. Akitafuta kazi, hupata humo namba maalumu, akampa tajiri ili ahakikishe ruhusa yake. Namba hiyo hutumika kwa siku 90. Tajiri akimwajiri asiye na ruhusa, aweza kutozwa hata paundi 45,000 kwa mtu mmoja, kwa kosa la kwanza. Kwa hiyo asiyeweza kuonyesha ruhusa yake hukosa kazi, ingawa haki anayo.

Basi, mwandikieni mtoto aliye huko maneno haya mawili. La kwanza: akipata pasipoti mpya, aiandikishe katika akaunti yake. La pili: neno lake la siri asimpe mtu, hata rafiki. Asiyejua kusoma hufunguliwa akaunti na mwingine, na huyo mwingine ndiye hubaki na ufunguo.

Maswali ya kujibu darasani:
1. Kwa nini alama za vidole humtambulisha mtu?
2. Kadi ikiisha, je, ruhusa nayo imekwisha?
3. Namba ya kumpa tajiri hutumika siku ngapi?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.