A7 ya Ohio na A7 ya Kariakoo

"Dada, chapa yangu ya kadi iko tayari, nahitaji mchoro tu." Ujumbe wa namna hii unaingia kwenye WhatsApp yangu kila mara. Mchoro tu! Wengi wetu tulio huku nje tunaoanzisha chapa ndogo za stesheneri (kadi za Idi na za harusi, shajara, madaftari yenye maneno ya Kiswahili) tunaamini kazi ni kuchora, kisha kiwanda kinabonyeza kitufe. Biashara ya usanifu na uzalishaji, hata ya mtu mmoja kwenye chumba cha chini ya nyumba hapa Columbus kama yangu, inaishi kwa kazi nyingine. Inasimama kati ya mwenye chapa na mchapaji, na kuhakikisha wote wawili wanazungumzia karatasi ileile.

Kutoelewana kuhusu karatasi kuna historia. Mwaka 1786 mwanafizikia Mjerumani Georg Christoph Lichtenberg alisifia kwenye barua karatasi ambayo ukiikata nusu, uwiano wa urefu na upana haubadiliki. Mwaka 1922 Ujerumani ikalifanya wazo hilo kuwa kiwango rasmi, kwa kazi ya Walter Porstmann. A0 ikapewa eneo la mita moja ya mraba, A4 ikawa sehemu yake ya kumi na sita, na dunia karibu yote ikafuata, Tanzania na Kenya zikiwemo. Marekani ikabaki na karatasi yake ya inchi 8.5 kwa 11, pana kidogo kuliko A4 na fupi kuliko A4.

Hiyo ya inchi angalau inajionyesha. Hatari ni pale majina yanapofanana. Bahasha inayoitwa A7 hapa Marekani ni milimita 133 kwa 184, saizi ya kutilia kadi ya kukunja ya kawaida. Kwa fundi wa Kariakoo, A7 ni milimita 74 kwa 105. Mteja wangu mmoja aliagiza bahasha mwenyewe kutoka Dar kabla hatujafahamiana, akaandika A7 bila vipimo. Fundi alimtumia sauti: "Dada, hizi kadi unawatumia sisimizi?" Bora huyo aliuliza. Tangu hapo naanza na bahasha, kadi inafuata, na vipimo vyote naandika kwa milimita.

Uzito nao una ndimi mbili. Kwetu tunahesabu gramu kwa mita ya mraba, kwa hiyo karatasi ya A4 ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5 kamili. Marekani wanahesabu paundi za karatasi 500 za saizi ya msingi, na saizi hiyo inabadilika kwa kila aina ya karatasi. Paundi 80 za karatasi ya ndani ni kama gramu 118, lakini paundi 80 za karatasi ya jalada ni kama gramu 216. Mtu akiniambia "nataka paundi 80", sijajua anataka nini.

Hesabu ya gramu ndiyo inayoamua nauli ya mzigo. Daftari la A5 la kurasa 192 lina karatasi 96 za gramu 80 kwa mita ya mraba, kila moja ina gramu 2.5, jumla gramu 240 bila jalada. Madaftari 500 ni kilo 120. Mwenye chapa akitaka karatasi nene ya gramu 120 ili wino usipenye, mzigo unapanda hadi kilo 180, na wa kago hana habari na urembo wako.

Kurasa 192 si namba ya kubahatisha. Kwenye kauntabuku la kwaya mbili tulilotumia shuleni, kwaya moja ni karatasi 24 zilizokunjwa mara moja, yaani kurasa 96. Kiwandani karatasi kubwa hukunjwa mara tatu ikatoa kurasa 16, kisha mafungu hayo hushonwa pamoja. Shajara ya ukurasa mmoja kwa siku inahitaji kurasa 365, na mafungu 23 yanatoa 368. Zinabaki kurasa tatu: moja ya jina la mwenyewe, mbili za kalenda. Mteja akiongeza ukurasa wa shukrani na wa malengo, tunapanda hadi 384, na kila nakala inalipia kurasa nyingine 16. Mazungumzo ya ukurasa wa shukrani huwa marefu kuliko ya rangi zote.

Halafu kuna kanga. Karibu kila chapa ya Waswahili walio nje inataka jalada lenye pindo, mji na jina. Tatizo ni pindo. Kisu cha kiwandani kinaweza kuhama milimita moja bila mtu kulaumiwa. Pindo likiwa milimita 4 kutoka ukingoni, upande mmoja utabaki 3 na wa pili 5, na jicho litaona papo hapo. Ama ulisogeze ndani sana, ama ulivushe milimita 3 nje ya mstari wa kukatia likatwe pamoja na karatasi. Mimi nashauri la kwanza. Pindo lililokatwa, bibi yeyote wa pwani atakuuliza kanga hiyo ilirarukia wapi.

Idadi nayo ina ukali wake. Mashine ya ofseti inahitaji pleti nne, moja kwa kila rangi, na muda wa kuiweka sawa. Tuseme maandalizi ni shilingi 600,000: ukichapa madaftari 100, kila moja linabeba 6,000 kabla ya karatasi, ukichapa 1,000, linabeba 600. Uchapaji wa dijitali unaondoa pleti, ndiyo maana nakala chache mara nyingi nazipeleka huko, ingawa nyekundu ya kanga huenda ikapoa kidogo.

Kabla ya pleti yoyote natoza ada ya daftari tupu la mfano: karatasi halisi, jalada halisi, bila mchoro hata mmoja. Wateja wapya hulalamikia ada hiyo. Wa mwisho alilalamika, akalipa, akalifungua daftari mezani, likajifunga lenyewe kwa sababu nyuzi za karatasi zilikwenda kinyume na mgongo wa daftari. Tukageuza karatasi, tukaagiza mfano wa pili.