Daktari Aseme Kweli, Asihukumu

Mama wa Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika, mara nyingi hujua habari za selimundu baada ya mtoto kuzaliwa, vidole vikivimba na kilio kisikome usiku. Hapo swali gumu huzuka: je, mimba ijayo?

Yafaa tujue kwanza jambo lenyewe. Ugonjwa huu hurithiwa kwa baba na mama pamoja. Wote wawili wakibeba kinasaba chake, hata kama ni wazima, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Hukisiwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa hivyo Tanzania kila mwaka. Kubeba kinasaba hicho si laana: mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha ya kuwa humkinga mtu na malaria.

Sayansi leo yaweza kuupima ugonjwa huu mimba ikiwa ya majuma 11 hivi. Lakini akiisha kujua, mama afanyeje? Uingereza, kwa sheria ya 1967, madaktari wawili wakiona hatari kubwa ya ulemavu mzito wa mtoto, mimba yaweza kutolewa. Kwetu, Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 150, yaweka kifungo cha miaka 14 kwa amtoaye mwanamke mimba kinyume cha sheria. Kifungu cha 230 chamlinda daktari apasuaye ili kuokoa maisha ya mama; ugonjwa wa mtoto haukutajwa.

Basi daktari wetu yu kati ya sheria, dhamiri yake na machozi ya mama. Hatumlaumu kwa kuwa na maoni. Twamlaumu afichaye ukweli kwa kuogopa mama ataamua nini. Twamlaumu pia amwelezaye mtoto mgonjwa kana kwamba hana maisha mbele yake, hali penisilini na dawa ya haidroksiurea zimewafikisha wengi utu uzima. Maoni ni ya daktari. Ukweli ni wa mgonjwa.

Kwa hiyo sisi twasema: kipimo cha damu kiwafikie vijana kabla ya ndoa, hata katika vijiji vya ziwani vifikiwavyo kwa mashua. Na wanaume wapimwe kadhalika, maana mama peke yake harithishi selimundu. Heri wawili kujua mapema kuliko kuja kutafutana lawama juu ya kitanda cha mtoto.